Saa Nne ya Asumini

Meseji ya arobaini ya Chande ilinikuta Dar es Salaam, nikiwa mbele ya vijana kumi na wawili niliokuwa nawafundisha kuandika programu kwa pamoja bila kuharibiana kazi. Nilikuwa nimefika pale ninapofika kila darasa, kwenye habari ya mama mmoja wa upande wa Mnero, ambaye jina lake huwa silitaji. Ni habari ninayoisimulia vizuri. Vijana hunyamaza, wenye simu huzigeuza kifudifudi, na nikimaliza hakuna anayeuliza tena kwa nini kila mstari aliouandika lazima upitie macho ya mtu wa pili. Habari hiyo imenipa kazi na imenipa jina kwa miaka mingi. Siku hiyo simu ikatetemeka mezani, nikasoma kwamba arobaini ya marehemu Chande itasomwa Jumamosi, Ruangwa mjini, kuanzia saa nne asubuhi, na kwamba wote tuliofanya naye kazi tunakaribishwa. Nilikuwa sijui hata kama amekufa. Nikawaambia vijana tupumzike kidogo, nikatoka nje, na sikurudi darasani tena siku ile.

Nilifika Ruangwa dua ikiwa imekwisha. Nyumba ilikuwa ndogo, ya tofali za kuchoma, na kibarazani bado kulikuwa na meza yake ya kutengenezea simu, imefunikwa kanga. Wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai. Mimi nikapitishwa uani kwa wanawake. Huko, kwenye mkeka wa mwisho karibu na masufuria, nikamwona Bi. Somoe, aliyekuwa mwenye nyumba wetu Nachingwea, akigawa pilau. Nilikuwa sijamwona tangu nilipohamia Dar. Amekuwa mzee, mkono mmoja unamtetemeka, lakini anavyoshika upawa ni vilevile, kama mtu anayetaka kumpiga nao mtu. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." Akanitazama kwa muda. "Marahaba. Si Ruki wewe? Kha! Umenenepa. Kaa hapo, ule kwanza, habari zipo tu." Akaniwekea sahani mbele yangu, na badala ya kuendelea kugawa, akampa mtu mwingine upawa na kukaa kunitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Nikashika tonge la kwanza, nikalirudisha sahanini.

Mwaka nilipofika kwake nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa najiona mjanja kuliko mji mzima wa Nachingwea. Tulikuwa na mradi mdogo wa kutengeneza mfumo wa kuita gari la wagonjwa. Mama mjamzito mwenye hatari, aliyewahi kupasuliwa kwa mfano, nesi wa zahanati ya kijijini kwake anamwandika kwenye mfumo: jina, kijiji, siku na saa ya gari kuondoka mjini kwenda kumchukua. Saa ikifika, simu ya dereva inalia. Kabla ya hapo kulikuwa na daftari. Daftari lilikuwa linakaa kwenye meza ya mtu fulani, na mtu huyo akiwa msibani, daftari nalo liko msibani. Kwa hiyo tulipokuja na kompyuta zetu watu walitupokea vizuri mno, na sisi tukaamini kwamba tulistahili.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba mojawapo ya zile za wazungu wa mradi wa zamani wa karanga, yenye baraza refu na vyumba vikubwa visivyo na joto la haraka. Tulikaa chumba cha kati. Kulikuwa na meza moja ya mninga, nzito kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuisogeza, kompyuta mbili, na kifaa cha mtandao tulichokifunga dirishani kwa kipande cha kanga kwa sababu ni pale tu kilipokuwa kinashika. Vumbi jekundu lilikuwa linaingia hata madirisha yakifungwa. Ukifuta kioo cha kompyuta asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Nyuma, ng'ambo ya ua, lilikuwa jiko la Bi. Somoe, ambaye alikuwa ametukodishia vyumba vya kulala na kutupikia. Ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, na wakati wa kiangazi ming'oko, mizizi ya porini kama viazi vidogo, ambayo alikuwa anaimenya kwa saa nzima na sisi tunaimaliza kwa dakika tano. Alikuwa na sheria moja. Sahani yake haiondoki mbele yako ikiwa na chakula. Ukisema umeshiba, anakaa. Ukisema una kazi, anakaa. "Kazi ipo tu hiyo, haina miguu," anasema, na anakutazama mpaka umalize. Nimewahi kumwona mratibu wetu, mtu mzima mwenye tai, akimaliza kisamvu machozi yakimlenga.

Sisi wenyewe tulikuwa tunaita msimbo, yaani maandishi ya programu, "kodi", kama wanavyosema vijana wote wa kazi ile. Kutwa ilikuwa kodi hii mbovu, kodi yangu umeiharibu, nani amegusa kodi. Wiki ya kwanza Bi. Somoe alisikiliza kutoka jikoni mpaka akashindwa, akaja na unga mikononi. "Jamani, kodi mmelipa. Mimi sijamdai mtu. Mbona mnanitangaza mtaani?" Tulicheka siku nzima. Baadaye akajua maana yake na akaanza kututania. Akinikuta nimenuna anauliza, "Kodi leo imegoma?" Mimi namjibu, "Imegoma, mama." Anasema, "Basi iache, kula kwanza."

Kundi la pili lilikuwa Ruangwa, na kichwa chake kilikuwa Chande. Tulikuwa tumesoma pamoja chuo, na tangu chuo tulikuwa hatukubaliani kwamba kuna mmoja anayemzidi mwenzake. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na alikuwa na kompyuta ambayo saa yake ilikufa zamani: ukiizima na kuiwasha, inarudi nyuma miaka kadhaa, na yeye kila asubuhi anaiweka upya kwa mkono. Tulikuwa tunamcheka kwamba yuko nyuma ya wakati. Kila kundi lilikuwa na nakala yake ya mfumo. Tukitaka kubadilishana, tulikuwa tunanakili mafaili kwenye flashi, flashi tunaitia kwenye bahasha, bahasha tunampa konda wa basi la Ruangwa, tunampigia mwenzetu aende stendi. Mafaili yalikuwa na majina ya aibu: MWISHO, MWISHO_KABISA, MWISHO_WA_CHANDE, MWISHO_USIGUSE. Ukipokea, unakaa unalinganisha kwa macho, unachukua hiki, unaacha kile. Hakuna mahali palipoandikwa nani alibadilisha nini na kwa nini. Sisi tuliona huo ndio ujuzi, kwamba mtu anabeba kazi yote kichwani.

Shida ya saa ilianza na dereva wetu, Saidi. Alikuja barazani asubuhi moja, macho mekundu. "Dada Ruki, simu yenu inaniamsha alfajiri kila siku. Inalia saa kumi, inasema nimfuate mgonjwa saa nne. Nyie mnataka niende kumlalia mlangoni?" Nikaelewa papo hapo. Nesi anaandika nne kwa sababu ni saa nne, yaani asubuhi, jua limepanda. Mashine inasoma nne ya kizungu, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Gari lilikuwa linatembea mchana tu, kwa hiyo dawa ilikuwa rahisi. Nikaandika mistari michache: nesi akiandika nne, mfumo uongeze sita kabla ya kuhifadhi; na wakati wa kuonyesha kwenye kioo au kwenye meseji, upunguze sita, ili watu wasome saa waliyoizoea. Saidi akalala vizuri. Mimi nikajipongeza na sikumwambia Chande. Nilitaka aje aniulize mwenyewe, nimwambie kwamba mimi nimeshamaliza zamani. Nilichokuwa sijui ni kwamba dereva wa Ruangwa naye alikuwa ameamshwa alfajiri, naye amekwenda kulalamika, na Chande naye ameandika mistari yake, faili lingine, mahali pengine, inayofanya kitu kilekile. Bila shaka naye alikuwa anasubiri nimwulize.

Mratibu alipotaka nakala moja ya wilaya zote mbili, ya kupelekwa kwenye zahanati zote, kazi ya kuunganisha nilipewa mimi. Bahasha ya Chande ilikuja na basi la asubuhi. Ndani mlikuwa na flashi na karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko wake wa kulala: "Saa nimeshaiweka sawa." Nilikumbuka ile kompyuta yake iliyokufa saa. Nikacheka, nikasema hongera, hatimaye amenunua betri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi, na si uongo wote. Lakini kulikuwa na kitambo kidogo, karatasi ikiwa mkononi, nilipojiuliza kama anasema saa nyingine. Simu ilikuwa hapo mezani. Kumpigia kungekuwa kumwambia kwamba sikumwelewa. Nikaitupa karatasi na kuanza kunakili mafaili yake juu ya yangu.

Sasa mfumo ukawa na mistari yake na mistari yangu. Nne ikiingia, yangu inaongeza sita mlangoni, ikifika ndani, ya Chande inaongeza sita nyingine. Ikitoka kuonyeshwa kwenye kioo, yangu inapunguza sita, yake inapunguza sita. Kwa hiyo kwenye kioo ilikuwa inasomeka nne, kama ilivyoandikwa. Alhamisi tuliufungua mfumo mbele ya wakubwa. Nesi mmoja akaitwa mbele aandike mgonjwa wa mfano, akaandika saa nne, kioo kikasema saa nne, meseji ya mfano ikasema saa nne, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekaa kusubiri kuona simu ya dereva inalia lini. Ingelia saa kumi jioni, na saa hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kula na kupiga picha. Daftari likafungiwa kabatini. Saidi akapewa agizo kwamba kuanzia sasa asitie ufunguo kwenye gari bila simu kulia, mambo ya maneno ya mdomo yamekwisha.

Asumini alikuwa binti wa pekee wa Bi. Somoe. Aliolewa upande wa Mnero, na mtoto wake wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, tena kwa shida, na mtoto hakuishi. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Alikuwa anakuja kwa mama yake siku za gulio, anakaa kizingitini mwa jiko amenyoosha miguu iliyovimba, na alikuwa ananiuliza maswali kuhusu kompyuta ambayo hata mratibu hakuwahi kuyauliza. "Sasa dada Ruki, mashine itajuaje kama mimi ni yule Asumini mwenye mshono, si Asumini mwingine?" Nikamweleza kwamba jina lina namba yake. Akafikiri. "Na ikisahau?" Nikacheka. "Mashine haisahau, mdogo wangu. Watu ndio wanasahau." Bi. Somoe akadakia kutoka kwenye moshi, "Basi mwandike sasa hivi, mbele yangu. Lile daftari silitaki." Siku ilikuwa imeshapangwa na daktari: Jumanne, wiki mbili kabla ya tarehe yake, aletwe mjini akae karibu na hospitali asubiri. Nesi wake ndiye aliyemwandika, lakini mama alinifanya nifungue kioo nimwonyeshe jina, akaliangalia muda mrefu ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. "Saa nne," nikamsomea. "Saa nne," akarudia.

Jumanne ile ilikuwa siku ya kawaida, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Nilikunywa chai. Niligombana na kifaa cha mtandao. Adhuhuri Bi. Somoe alichungulia mlangoni, ungo wa ming'oko kiunoni. "Ruki, gari la mwenzio limeenda?" Nikatazama kioo. Kilisema Asumini, saa nne. Saa nne ilikuwa imepita. "Limeenda, mama. Saa nne." Sikumpigia Saidi. Gari lilikuwa linalala upande wa pili wa mji, sikuliona likiondoka wala likibaki. "Alhamdulillahi," akasema. "Nawamenyea ming'oko, atakula akifika." Akarudi jikoni, na nikamsikia akiongea peke yake kwa Kimwera, kwa furaha, kama anavyoongea mtu anayepanga vyombo kwa ajili ya mgeni.

Mambo ya kijijini niliyajua baadaye, kidogo kidogo, kwa watu mbalimbali. Asumini alikuwa amekaa kwenye baraza la zahanati tangu saa tatu, begi miguuni. Uchungu ulimwanza saa sita, kabla ya wakati wake. Nesi alitazama kioo chake kikasema saa nne, akajua gari liko njiani, labda limepata pancha. Mtandao wa pale ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo, na siku hiyo hata kichuguuni haukuwepo. Mtu akashauri apakiwe kwenye bodaboda. Nesi akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa: mwenye mshono hapandishwi bodaboda ikiwa gari liko njiani. Mume wake akatembea mpaka njia panda kulisubiri, dereva asije akapotea. Akasimama pale juani saa nne nzima.

Saa kumi jioni Saidi aliingia ofisini, simu mkononi, hakukaa. "Dada Ruki, imelia sasa hivi. Inasema leo, saa nne. Saa nne ipi hii?" Nikasoma jina. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu aliruka. "Nenda, Saidi! Nenda, nenda, kimbia!" Akatoka mbio. Nami nikakaa kwenye kiti, nikafungua msimbo, na sikuhitaji hata dakika mbili. Sita yangu ilikuwa pale juu. Sita ya Chande ilikuwa pale chini. Nikakumbuka karatasi yake neno kwa neno. Ng'ambo ya ua nilisikia kisu cha Bi. Somoe kikikwangua ming'oko, na kimya kidogo, na kikikwangua tena. Nilikuwa na jambo moja la kufanya, kuvuka ua ule. Badala yake nikaifuta mistari ya Chande, nikaacha yangu, nikahifadhi juu ya faili la zamani, kisha nikachukua flashi yake nikaisafisha. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo ili mfumo uwe salama kwa wengine. Saidi alimpata Asumini saa kumi na moja, akiwa hai, akimshika nesi mkono. Hawakufika hospitali. Wote wawili, yeye na mtoto, walikwisha barabarani kabla ya magharibi.

Kikao kilikuwa chumba kilekile cha kati, baada ya mazishi. Jikoni hakukuwa na moto. Mratibu akauliza nini kimetokea, nami nikasema, "Kulikuwa na nyongeza ya saa kwenye mafaili ya Ruangwa. Nimeiondoa." Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, nimeipima mara nyingi sana. Chande akageuza kompyuta yake watu waione, akaandika saa nne, akarekebisha ile saa yake mbovu ikaribie wakati, tukasubiri, simu ikalia. "Kwangu inalia saa nne kamili," akasema. "Angalieni wenyewe. Kwangu inafanya kazi." Mratibu akapiga meza. "Kwako, kwako! Marehemu hakuwa kwako!" Chande akanigeukia. "Ruki, kwako ilikuwaje kabla hujaunganisha?" Nikamjibu, "Ilikuwa sawa." Hata hilo lilikuwa kweli. Kwangu ilikuwa sawa, kwake ilikuwa sawa, na hapakuwa na mahali hata pamoja duniani palipoonyesha ya kwangu na ya kwake zikiwa bega kwa bega. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Ijumaa barua yake ya kuachishwa kazi ilitoka.

Mwezi uliofuata mtaalamu alikuja kutoka Dar, mwanamke mnene mcheshi, akatuambia tutafanya kazi kama ghala la korosho. "Hapa kwenu nani hajapeleka gunia ghalani? Gunia linaingia bila jina la mkulima? Linaingia bila kuchomwa chuma, korosho zikatolewa na kuangaliwa?" Tukasema hapana. "Basi kodi nayo ni hivyohivyo." Kukawa na ghala moja la msimbo, la Nachingwea na Ruangwa kwa pamoja. Ukiandika mstari, unaingia na jina lako, siku yake na sababu yake. Hauingii mpaka mwenzako ausome akubali. Watu wawili wakigusa jambo moja, wanalijua mapema, kabla halijamfikia mgonjwa. Na kila kitu kikiingia, mashine yenyewe inajaribu mfumo mzima kuanzia mwanzo, bila kuchoka, bila kuona haya ya kuuliza. Akatutaka tuandike jaribio la kwanza. Niliandika mimi: nesi ameandika saa nne, je, simu ya dereva inalia saa nne? Jaribio lilihitaji jina, na mikono yangu iliandika asumini kabla sijafikiri. Tangu hapo, kila asubuhi, kioo kilikuwa kinaniambia: asumini, imepita. Mara moja, miezi mitatu baadaye, nilibadilisha kitu kidogo cha tarehe, nikiwa na uhakika nacho kabisa, na kioo kikawa chekundu. Asumini, imeshindwa. Nikaurudia mstari mmoja mmoja mpaka nikalipata kosa. Kosa lile lingefika kwa kina mama wangapi sijui, lakini halikufika kwa hata mmoja. Tulikuwa na mwaka mwema wa kazi baada ya hapo, watu wa Ruangwa wakisoma yangu na mimi nikisoma yao. Chande peke yake hakuwepo, na mwaka ulipokwisha mimi nikahamia Dar. Na ukifungua historia ya ghala lile leo, inaanza na jina langu, na faili ambalo nilikuwa nimeshalisafisha.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani pale uani Ruangwa, pilau ikipoa. Bi. Somoe akaona siendelei kula, akadhani ni msiba. "Alikuwa mwanangu huyu," akasema. "Idd zote alikuwa anakuja Nachingwea. Mwaka uleule alikuja, akakaa jikoni kwangu, akasema, mama, ile saa niliandika mimi, nisamehe. Akalia kama mtoto. Nikamwambia umekuja mwenyewe kwa miguu yako, basi nimekusamehe." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Wengine walikimbia. Wewe ulikwenda Dar, sikukulaumu, uliumia. Lakini yeye alikuja."

Nikasema, "Mama, hakuandika peke yake." Sauti yangu ilikuwa ndogo, akainama kunisikia. Nikamwambia kwamba nami niliandika saa, wiki ileile, na kwamba mistari yake peke yake ilikuwa sawa, na yangu peke yake ilikuwa sawa, na ni mimi niliyeichanganya. Nikamwambia kwamba nilifuta yake nikaacha yangu. Nikaongea harakaharaka, kwa maneno ya darasani, mpaka nikaona haelewi maneno ila ameelewa jambo lenyewe. Wanawake wa mkeka wa jirani walikuwa wameacha kula.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku ileile, mama. Saa kumi."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikienda, taratibu, kama siku ile alipokuwa anasoma jina la binti yake kwenye kioo.

"Saa kumi mimi nilikuwa jikoni," akasema. "Namenya ming'oko."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nakusikia."

Akanyoosha mkono ule unaotetemeka, akachukua sahani yangu, pilau yote ikiwa bado ndani, akasimama nayo na kuondoka.